Phyllis na Milimita Tatu na Nusu za Tornevig

Saa moja na robo asubuhi, Phyllis Wangechi amepiga magoti juu ya mto wa sponji, kibano mkononi, pumzi ameibana. Mbele yake limesimama ghorofa la orofa sitini lenye kimo cha mtoto wa chekechea, naye anabandika madirisha ya orofa ya arobaini na moja. Dirisha moja ni dogo kuliko punje ya mchele. Akipiga chafya, kazi ya nusu saa imeharibika.

"Leo mikono haitulii," anasema, akiweka kibano chini. "Hiyo usiandike." Kisha anacheka. "Ah, andika tu. Ni kweli."

Mikono hiyo ina sababu. Leo saa kumi jioni, kwa saa za Dubai, madiwani ishirini na watano wa halmashauri moja nchini Denmark watapiga kura. Wanaamua kama jengo la zamani la baraza la mji mdogo wa Tornevig liuzwe kwa mwekezaji, alibomoe na kujenga nyumba za likizo, au libaki kwa wenyeji. Katikati ya ukumbi wao kuna modeli ya mji huo, mita tatu kwa mbili, barabara kwa barabara, paa kwa paa.

Modeli hiyo imetengenezwa hapa, katika karakana ya Rashidiya. Na hilo jengo linalogombaniwa limetoka mikononi mwa mama huyu wa miaka arobaini na mmoja kutoka Ol Kalou, Nyandarua, ambaye Denmark hajawahi hata kuipita angani.

Mara ya kwanza alilikosea. Alilikosea vibaya, na kwa nia njema kabisa.

Tornevig una watu elfu mbili na mia nne. Zamani ulikuwa mji wa soko wenye hati ya mfalme ya mwaka 1447, iliyowapa wenyeji haki ya kufanya biashara, kutoza ushuru getini na kujiendeshea mambo yao kwa baraza lao. Waliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka mia tano, vita vikipita na wafalme wakibadilika.

Mwaka 1970 serikali ilipounganisha halmashauri ndogo ndogo, Tornevig ukaunganishwa na vijiji vya jirani. Mwaka 2007 zikaunganishwa tena, nchi nzima zikabaki tisini na nane, na safari hiyo makao makuu yakahamia mji mwingine, mwendo wa dakika arobaini kwa basi. Meya akaondoka, karani akaondoka, na muhuri ukaondoka nao. Kilichobaki ni jengo tupu na kamati ya wenyeji tisa wa kujitolea, wasio na uwezo wa kutoza kodi wala posho ya kikao.

Kamati hiyo ndiyo iliyoagiza modeli. Ulaya waliambiwa bei wakashika vichwa. Mhandisi mmoja wa kwao, aliyewahi kufanya kazi Dubai, akawaelekeza Rashidiya.

Phyllis mwenyewe hakuja Dubai kujenga miji. Alikuja mwaka 2016 kuwa mfagizi katika kliniki moja ya Oud Metha, kwa dirham elfu moja na mia moja kwa mwezi, akimwacha bintiye Njeri kwa dada yake. Nyumbani alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mpaka maduka ya sare za kiwandani yalipofunguliwa na wateja wakamwishia.

Mkataba wa kliniki ulipokwisha, mwaka 2018, akapata kazi ya kufagia vumbi katika karakana hii. Siku moja akaokota mti mdogo uliovunjika, urefu wa kucha, akauunga kwa uzi. Mzee Nassor, msimamizi wa karakana, akauona.

"Nikamuuliza, nani kakufundisha? Akanambia, hakuna, nimeuonea huruma," anakumbuka Mzee Nassor, mwenye miaka sitini na mitatu, mzaliwa wa Deira kwa wazazi waliotoka Unguja. "Nikasema, basi huyu fagio tumnyang'anye."

Leo Phyllis analipwa dirham elfu tatu na mia mbili. Bado analala Al Muraqqabat, chumba kimoja na wanawake wengine watano, na kila asubuhi anapanda metro kwenda Rashidiya akiwa amesimama. Njeri yuko chuo cha ualimu.

Sasa tuje kwenye lile kosa.

Karakana hii ina desturi ambayo haijaandikwa popote. Modeli za Dubai ni za majengo ambayo hayajajengwa, na mteja anazitaka ili auze. Kwa hiyo maji huwa ya buluu siku zote na miti huwa ya kijani siku zote. Hakuna kamba ya nguo wala lori la maji taka. Na mchoro ukija na mstari uliopinda, fundi haulizi. Anajua mpimaji kateleza, anaunyoosha.

"Hilo ndilo somo la kwanza nililompa," anakiri Mzee Nassor. "Miaka thalathini nanyoosha. Hapa ukuta ukipinda, mwenye nyumba anakwenda mahakamani."

Michoro ya Tornevig ilipofika, jengo la baraza lilionekana limeinama kuelekea kanisani. Ukuta wa mbele, penye ukingo wa paa, ulikuwa umetoka nje kwa sentimita sabini. Kwenye modeli hiyo ni milimita tatu na nusu. Phyllis aliiona tofauti hiyo mara moja.

"Nikasema, hawa watu mashine yao ina shida. Ni nyumba gani inasimama hivi?" anasema. "Hata picha walizotuma zilikuwa zimeinama. Alfred akasema aliyepiga alishika simu vibaya. Nikaamini! Nikainyoosha, nikaipendezesha, nikajipongeza."

Alfred, mpaka rangi wa miti kutoka Machakos, anainua brashi yake kutoka meza ya pili. "Mimi nilisema tu, sikuapa," anajitetea.

Modeli ilipokamilika wakaionyesha Tornevig kwa simu ya video. Upande wa pili alikuwa Bodil, mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja. Phyllis alikuwa akimwita madam, akakatazwa. Kumwita Bodil tupu akashindwa, kwa malezi aliyopewa. Wakaelewana kwenye Shosho, bibi kwa Kiswahili cha Kenya, na Shosho Bodil akalifurahia jina hilo.

"Alitabasamu alipoona kanisa. Akatabasamu alipoona bandari. Tulipofika kwenye jengo la baraza akanyamaza," Phyllis anasimulia. "Kisha akauliza, 'Hii ni nyumba ya nani?'"

Anachukua kitambaa, anafuta ncha ya kibano.

"Akavua miwani, akaifuta. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Angenifokea ningejua pa kujificha."

Kwa simu kutoka Tornevig, Bodil anaeleza kwa Kiingereza cha taratibu kwa nini alinyamaza. Sababu kubwa ya wanaotaka kuuza ni kwamba jengo limeinama, kwa hiyo ni bovu. "Sisi tunasema limeinama zaidi ya miaka mia mbili na halijaanguka. Sasa tukienda mbele ya madiwani na jengo lililonyooka, tumewaambia nini? Tumewaambia na sisi tunalionea aibu. Wangetucheka, na wangekuwa na haki."

Habari ikamfikia Thamer, mwenye karakana, ambaye wafanyakazi wote humwita arbab, bwana mkubwa. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, nani kalinyoosha.

"Ni mimi, sir."

"Basi wewe utalipinda. Ndege ya mizigo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Siku tisa, khalas."

Mtu angedhani kupinda nyumba ni kazi rahisi. Phyllis alidhani hivyo. Aliweka kabari ya plastiki chini ya nyumba nzima, ikainama milimita tatu na nusu kamili, akarudi nyuma kuitazama.

"Mama Njeri," Alfred akasema, "hiyo nyumba imelewa."

Na kweli ilikuwa imelewa. Siku mbili zikapotea akijaribu kabari nyembamba, kabari nene, kabari ya pembeni. Kila mara nyumba ilionekana iko safarini kwenda chini. Siku ya tatu asubuhi Phyllis alijifungia chooni akalia, wala hafichi. "Nililia sana. Nilijiambia, wale wazee wamechanga miaka minne, halafu mimi naenda kuwaangusha na gundi yangu."

Alipotoka, alimpigia Bodil. Hakumuuliza nyumba imeinama kiasi gani, maana hilo alikuwa nalo. Alimuuliza iliinamaje.

Bodil akaenda kwenye hifadhi ya nyaraka, akapiga picha vitabu vya kumbukumbu za vikao vya baraza, ukurasa kwa ukurasa, na kila adhuhuri akawa anamfasiria Phyllis kwenye simu. Ndipo hadithi ikatoka. Mwaka 1728 baraza, kwa kubana matumizi, lilijenga juu ya bwawa la samaki lililofukiwa. Miaka sitini baadaye ukuta ukaanza kutoka. Mwaka 1811 ikaletwa hoja ya kubomoa, ikashindwa, kwa sababu pesa zilihitajika kwa pampu ya maji. Wakaweka nguzo tatu za mwaloni, wakaendelea na vikao.

Mwaka 1834 karani alilalamika kwamba kidau chake cha wino kinateleza na kuanguka kutoka mezani. Baraza likajadili na kuazimia kwamba miguu miwili ya meza ikatwe ili meza ikae sawa. Azimio likapita bila kupingwa. Ukurasa uliofuata, na kurasa tatu baada yake, ni ubishi kuhusu nguruwe wanaozurura sokoni.

"Nilicheka mpaka Mzee Nassor akaja kuangalia kuna nini," anasema Phyllis. "Ni baraza la Ol Kalou tupu! Badili nguruwe weka mbuzi."

Analijua baraza la Ol Kalou kutoka ndani. Baba yake, Harrison, alikuwa askari wa baraza la mji, kanjo kama Wakenya wanavyowaita, kazi ambayo mtoto wake haitangazi shuleni. "Wenzangu walikuwa wakimwona wanakimbia na ndizi zao. Lakini jioni alikuwa akitusimulia vikao. Madiwani wamebishana mchana kutwa, bomba moja la maji liwekwe kwa akina nani. Aliigiza sauti zao wote."

Mwaka 2013 mabaraza ya miji Kenya yalivunjwa, kazi zikaenda kaunti. Harrison akarudisha kofia na filimbi. "Siku hiyo alikaa na viatu vya kazi mpaka giza likaingia, hakuna aliyethubutu kumwambia avue." Alifariki mwaka 2019, Phyllis akiwa Dubai. "Shosho akinisomea yale mambo ya nguruwe, nilikuwa namsikia baba. Nilimkumbuka vibaya sana."

Kutoka kwenye kurasa hizo fundi akapata alichokuwa akikikosa. Nyumba iliyoinama kwa miaka mia mbili haikai kama sanduku lililoegeshwa. Ukuta unakwenda, watu waliomo wanajirekebisha nao. Mlango ulichongwa upya mwaka 1867 ukawa wima ndani ya ukuta usio wima. Madirisha yalibadilishwa mawili mawili, kila kizazi kwa kipimo chake. Paa lilisukumwa, vigae vikapangwa upya. Kila kitu kimepinda, na kila kitu kimewekwa sawa na mtu fulani.

Hapo Phyllis akaacha kabari na rula, akachukua karatasi laini na mkasi.

"Mimi ni mshonaji," anasema, na sauti yake inapanda kidogo. "Mtoto akija kupimwa sare, bega moja limeshuka, humnyooshi mtoto! Unakata kitambaa kimfuate. Ukimshonea shati la mtu wa dukani, kila mtu atamwona kilema. Ukimshonea la kwake, bega halionekani, anaonekana yeye."

Akakata pateni ya kila ukuta kama anayekata kifua cha gauni. Upande wa kanisani akaacha nafasi ya tumbo, upande wa pili akabana. Nguzo tatu za mwaloni akazichonga kutoka mti wa kweli. Mzee Nassor, ambaye hajawahi kuruhusu mstari uliopinda katika karakana yake, akawa anashika taa.

"Nilikuwa natazama nasema, Yarabi, huyu ananivunjia dini," anasema mzee huyo. "Lakini ilipokaa, ilikaa! Nilitaka kuingia ndani."

Siku ya nane Phyllis aliiba saa mbili za kazi akatengeneza meza ya karani. Urefu wake milimita nne, miguu miwili mifupi. Akaipachika ndani, nyuma ya dirisha.

"Nikamwambia, mwanangu, nani atachungulia humo?" anasema Mzee Nassor. "Akanijibu, hakuna, lakini mimi nitajua ipo."

Alhamisi saa sita mchana sanduku likafungwa. Thamer alilikagua jengo kwa dakika nzima, kichwa kikiwa upande. "Limepinda vizuri," akasema, akatia saini.

Saa kumi kasoro dakika tano jioni, siku ya kura. Vibano vimewekwa chini. Watu kumi na wawili wamejibana kwenye chumba cha chai, mbele ya kompyuta ya ofisi. Kikao kinarushwa moja kwa moja na hakuna anayeelewa hata neno. Jirani mmoja wa Bodil, aliyekaa kwenye viti vya wananchi, anamtumia Phyllis ujumbe mfupi kwa Kiingereza, na Phyllis anasoma kwa sauti.

"Diwani anasema matengenezo ni ghali. Anasema jengo linaweza kuangukia watu."

"Muongo huyo," anasema Alfred.

"Wewe umeelewa alichosema?"

"Angalia tai yake."

Bodil anasimama. Wananchi wana dakika tatu. Hasomi popote, ameweka mkono karibu na modeli bila kuigusa. Ujumbe unakuja kwa vipande. Anasema nyumba hii imeshuhudia hoja ya kubomolewa kwake ikishindwa tayari mara moja. Anasema wazee wao walikuwa maskini kuliko madiwani hawa, na bado walipata nguzo tatu. Anasema waliomba mji wao utengenezwe ulivyo, na aliyeutengeneza aliukosea, akakubali kosa, akaanza upya, na hicho tu ndicho wanachoomba kutoka kwa halmashauri.

Phyllis anasoma sentensi hiyo nusu, anampa simu Mzee Nassor amalizie.

Kwenye skrini meya wa halmashauri anaondoka kitini, anaizunguka modeli, anainama. Anainama zaidi. Jicho lake liko karibu kabisa na dirisha la jengo la baraza. Mgongo wake unaanza kutikisika.

"Anacheka nini huyo?" anauliza Alfred. Phyllis amejifunika mdomo kwa viganja viwili.

Kisha mikono inapanda. Hakuna anayejua swali lilikuwa nani anataka kuuza au nani hataki. Alfred anahesabu kwa kidole, anachanganyikiwa, anaanza tena. Kumi na mmoja. Mikono inashuka. Inapanda mingine. Simu iliyo mkononi mwa Mzee Nassor iko kimya.

Halafu inalia.

"'Kumi na mmoja walitaka kuuza,'" anasoma Mzee Nassor polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "'Kumi na wanne hawataki. Haiuzwi.' Haiuzwi, jamani! Alhamdulillahi!"

Kelele zinazofuata zinamtoa Thamer ofisini. Phyllis anakumbatiwa na kila mtu, analia wazi wazi, machozi hayafuti. Si ushindi wa kumaliza mambo. Kamati imepewa jengo kwa miaka kumi, na gharama za matengenezo itabidi waendelee kuzitafuta wenyewe. Lakini ukuta utabaki pale ulipo, na kesho asubuhi watu wa Tornevig watapita chini yake kwenda kununua mkate.

"Mabruk," anasema Thamer, akimpa Phyllis mkono. "Sasa yalla, orofa ya arobaini na moja."

Kabla Phyllis hajarudi kwenye mto wake wa sponji, Bodil anapiga. Huko nyuma yake kuna sauti za watu wanaoimba. Anasema kamati imekaa palepale kwenye ngazi za ukumbi, wote tisa, na imepitisha azimio moja. Mwezi wa nane mji una sherehe yake ya kila mwaka, na wanataka Phyllis awe mgeni wao. Nauli wamekwisha kuitenga. Barua ya mwaliko kwa ajili ya viza inaandikwa Jumatatu.

Phyllis anasema ndiyo mara tatu, katika lugha tatu.

Thamer amekubali kumpa wiki mbili. Viza bado, na Phyllis ameishi Ghuba muda wa kutosha kujua kwamba viza haijaja mpaka ije. Hata hivyo, amekwisha kupanga siku yake ya kwanza.

"Siendi kanisani, siendi bandarini," anasema, akishika tena kibano. Mikono imetulia. "Nashuka kwenye basi, naenda moja kwa moja pale ukutani na kipimo changu. Nikikuta nimekosea hata kidogo, watanifungulia kioo cha modeli nirekebishe. Gundi nitabeba."

Na akikuta hakukosea?

Anabandika dirisha moja, la pili, la tatu, kabla ya kujibu.

"Basi na mimi nitaegemea pale kidogo," anasema. "Nipumzike."